Ndege wa Mia

Jumamosi ya mwisho ya Babu mjini, nilimkimbiza kunguru aliyeninyang'anya mkate, na kwa ajili hiyo sikumuona ndege wa mia.

Nieleze vizuri, maana habari hii imeshasimuliwa kwenye ngazi za jengo letu kwa namna tano tofauti, na katika zote tano mimi ndiye mwenye roho mbaya.

Tunaishi ghorofa ya tatu, ng'ambo ya bustani ya umma. Ukishuka ngazi hamsini na mbili, ukavuka barabara moja yenye matuta mawili, umefika getini. Si bustani kubwa. Ina bwawa dogo lenye maji ya kijani, uzio wa michongoma, mabenchi ya saruji yanayogandisha makalio asubuhi, na miti mirefu ambayo hakuna anayejua aliipanda nani. Kwa miaka mitatu, kila Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tulikuwa tukiingia humo watu watatu kuhesabu ndege: Babu, mimi, na Dada Nesi wa ghorofa ya chini.

Babu ni baba yake Mama. Alikuwa fundi saa kwa miaka arobaini na moja, na mpaka leo ukimpa chai hushika kikombe kwa ncha za vidole, kana kwamba kina springi ndani. Macho yalipoanza kuingia ukungu alifunga kibanda chake, akaleta nyumbani vitu viwili tu: kile kioo kidogo ambacho mafundi saa hukibandika jichoni, na darubini nzito ya zamani. Kuona karibu kumenishinda, alisema, sasa nitaona mbali. Dada Nesi yeye hufanya kazi wodi ya wazazi, zamu ya usiku. Jumamosi hutoka kazini moja kwa moja hadi kwenye benchi letu, mkoba kifuani, na nusu ya hesabu hulala. Hudai kwamba ndege humpumzisha. Ni kweli, nimesikia akikoroma.

Na mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya ardhi. Nina stashahada ya utunzaji wa kumbukumbu, na sioni haya kuitaja, maana niliitolea jasho. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba jalada lililoandikwa kwamba kiwanja ni cha fulani linasema kweli. Kwa hiyo Babu aliponikabidhi daftari la ndege alijua anampa nani. Nililipigia mistari kwa rula: tarehe, saa, jina la ndege, sahihi mbili, na mwishoni safu ya maelezo.

Zile sahihi mbili alizitaka Babu mwenyewe. Mwezi wa kwanza Dada Nesi alitoka zamu akiwa hajalala siku mbili, akatuapia kwamba amemuona tausi nyuma ya michongoma, amekunjua mkia wote. Tulikwenda kwa kunyata. Ulikuwa mwavuli wa muuza soda. Siku hiyo Babu alipitisha sheria: ndege mmoja, macho manne, sahihi mbili. Saa haiwezi kujipima yenyewe, alisema, lazima uiweke karibu na nyingine. Tukacheka, tukakubali, na sheria ikawa sheria.

Hivyo ndivyo tulivyofika tisini na tisa. Chozi, shore, kwezi, tetere, yangeyange, kigong'ota, hondohondo aliyepita mara moja tu akaonekana kama amepotea njia. Wa tisini na tisa alikuwa mdiria, pale bwawani. Baada yake tulikaa miezi minne bila kupata mgeni. Babu akaanza kulala vibaya. Halafu Mjomba akapiga simu: amepata nafasi kwa daktari wa macho huko kwake, na vyumba ni vingi, Baba aje akae. Ataondoka Jumapili. Babu alikubali bila ubishi, akauliza jambo moja tu, kama kati ya leo na Jumapili kuna Jumamosi.

Usiku wa kuamkia siku hiyo aliisugua darubini mpaka nikahofia lenzi zitatoboka. "Mchumba," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita tangu nikiwa na meno ya maziwa, "kesho nikipata mia, nitakwenda kwa mjomba wako kama mtu aliyemaliza kazi yake. Nikikosa, nitakwenda kama mzigo."

Basi hapo ndipo tulipo. Saa moja na dakika kumi asubuhi. Babu amesimama, darubini machoni. Dada Nesi kalala. Mimi nimeweka daftari pajani, mkate mkononi. Kunguru akashuka kutoka nyuma, akapita juu ya bega langu, akaondoka na kipande chote. Si mara yake ya kwanza. Kunguru wa bustani ile wametuibia mkate, mayai ya kuchemsha, na wakati mmoja kofia ya kalamu. Lakini asubuhi ile nilikuwa na njaa na nilikuwa na viatu vya raba, nikaapa kwamba leo atanitambua. Nilimfukuza hadi bwawani, nikimtupia maneno ambayo hayafundishwi stashahada. Nyuma yangu nikamsikia Babu akiita, sauti imempanda kama ya kijana.

Niliporudi alikuwa ameelekeza kidole mtini. Kurumbiza, alisema. Kurumbiza, mchumba, mwili wa manjano kama kiini cha yai, kichwa cheusi tii. Ametoka upande wa barabara, akapita chini chini, akaingia kwenye mti ule mkubwa. Nilinyanyua macho. Mti ulikuwa mti. Nikauliza kama aliimba, kwa sababu kurumbiza anaimba vizuri kiasi kwamba hata kipofu humtambua. Babu akasema hakuimba, alikuwa na haraka. Tulingoja chini ya ule mti saa nzima, shingo zikakauka. Hakutoka ndege wa manjano.

Dada Nesi, ambaye alikuwa ameamka kwa kelele zangu, aliinuka akanyoosha mkono. Lete kalamu, akasema, mimi nimemuona. Nikamuuliza amemuonaje na macho yamefumba. Akasema wodini kwao anaona mengi macho yakiwa yamefumba, na watoto wanazaliwa salama. Babu hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi.

"Umemuona?" aliniuliza.

"Sikumuona, Babu."

"Lakini unaniamini."

"Nakuamini. Lakini sikumuona."

Nikafunga daftari. Nililifunga taratibu, lakini Dada Nesi huwaambia watu kwamba nililibamiza.

Mama alipata habari kabla hatujamaliza ngazi, kwa sababu Dada Nesi ana mdomo unaopanda ghorofa haraka kuliko miguu. Mama ni mshonaji. Sebule yetu ndiyo karakana yake, na cherehani ipo dirishani, penye mwanga, ikitazama bustani ambayo kwa miaka mitatu hakuwahi kuikanyaga. Kuhesabu ndege, husema, ni kazi ya mtu asiye na pindo za kukunja. Wiki ile alikuwa na sare kumi na nane za kwaya, satini ya manjano, na alikuwa amenuna tangu Jumatano kwa sababu mabaki ya kitambaa aliyoyaweka kwenye ukingo wa dirisha, ayatumie kutengenezea maua ya kifuani, yalikuwa yanapungua na hakuna mtu aliyekiri kuyagusa. Alinishuku mimi. Sijawahi kuvaa manjano maishani.

Aliongea na pini tatu mdomoni, na mtu anayeweza kukugombeza bila kumeza pini ni mtu wa kuogopwa. Alitaka kujua kama nina moyo au nina kabati la majalada. Alitaka kujua kama nimesomeshwa ili nije nimnyime mzee wa watu furaha yake ya mwisho katika mji huu. Kisha akazitoa pini, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kimto.

"Huyo ni baba yangu," alisema. "Kesho anaondoka. Sahihi moja itakutoa damu?"

Nilimwambia haitanitoa damu mimi, itamtoa Babu. Nikiandika nisichokiona, basi sitakuwa nimempa mia. Nitakuwa nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na zile tisini na tisa zote zitaanza kunuka. Siku moja atakaa kwa Mjomba, alifungue lile daftari, afike ukurasa wa mwisho na ajue. Kwa sababu atajua. Mtu aliyeweka sheria kwa mkono wake hawezi kusahau ilivunjiwa wapi.

Mama akasema maneno mengi, mdomo mrefu. Akakanyaga pedali, cherehani ikamalizia mazungumzo.

Chakula cha mchana tulikula kama watu walioko kwenye foleni ya benki. Babu hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Aliniomba chumvi, akasema asante, wala hakuniita mchumba. Baadaye nikamuona akiifunga darubini kwenye shati lake la zamani na kuitia chini kabisa ya begi, chini ya soksi, mahali ambapo mtu huweka kitu asichotarajia kukitumia. Lakini nilijikaza.

Kuna watu wakiwa na huzuni husafisha nyumba. Mimi hupanga kumbukumbu. Nilichukua daftari, nikakata karatasi ngumu vipande mia, nikaanza kuhamisha kila ndege kwenye kadi yake na kuzipanga kwa herufi, kama tunavyofanya masjala jalada linapopotea. Nilikuwa natafuta kosa. Nilikuwa radhi hata kukuta tumemwandika mmoja mara mbili, ilimradi mikono iwe na shughuli. Nikapanga B, bundi. Nikapanga D, dudumizi. Nikafika K: kigong'ota, kipanga, korongo, kwezi.

Nikarudia. Kigong'ota, kipanga, korongo, kwezi.

Nikalifungua daftari upya toka ukurasa wa kwanza, kidole kikishuka safu ya majina. Hayupo. Nikaangalia safu ya maelezo, na huko alikuwa amejaa tele. "Kunguru kaiba yai." "Kunguru kamharishia Nesi begani." "Hesabu imesimama dakika ishirini, kunguru." Mara ishirini na tatu kwa miaka mitatu nilikuwa nimemlalamikia kwa mwandiko wangu mzuri, na hata mara moja hakuna aliyemwandika kwenye orodha. Kila mmoja wetu alidhani mwenzake alishamwandika siku ya kwanza. Watu watatu wazima, darubini, sheria, stashahada, na ndege pekee ambaye hajakosa hata Jumamosi moja hatukumhesabu kuwa ni ndege.

Nilikwenda chumbani kwa Babu na daftari limefunguka mikononi, kadi zimepangwa juu yake. Alikuwa amekaa kitandani karibu na begi. Nikamwambia aangalie herufi K. Akachukua kioo chake cha fundi saa, akakibandika jichoni, akapita kadi moja moja bila haraka. Kisha akakitoa.

"Kunguru," alisema.

"Kunguru, Babu."

"Mimi nilitaka kurumbiza."

"Najua."

Malalamiko hayana sahihi mbili, akasema, lazima tumuone leo. Halafu akaanza kutoa soksi kwenye begi, hadi akaifikia darubini.

Bustani hufungwa saa kumi na mbili jioni. Saa kumi na moja na dakika ishirini tulikuwa kwenye benchi letu, watu wanne, kwa sababu Mama naye aliamua kushuka. Alisema anataka kuuona kwa macho yake upuuzi unaomvurugia nyumba. Alikuja kama alivyokuwa, futi shingoni, na mabaki ya satini yaliyosalia kayatundika begani, maana hakuthubutu tena kuyaacha dirishani. Nilibeba mkate mzima. Dada Nesi alileta mayai mawili ya kuchemsha. Tukayapanga vizuri kwenye saruji kama watu wanaongoja ugeni wa kiserikali.

Hakuja hata kunguru mmoja.

Kwa miaka mitatu hatukuwahi kula kwa amani mahali pale, na siku tuliyowaandalia meza wakatususia. Walikuja shomoro. Walikuja njiwa, wakala nusu ya mkate. Shore mmoja alikaa juu ya tawi akatutazama kama anajua. Dada Nesi akajaribu kulia kama kunguru, na mama mmoja aliyekuwa akipita na mtoto akamvuta mtoto wake karibu. Saa kumi na moja na dakika arobaini na nane mlinzi wa geti alianza kutikisa funguo. Akatusogelea, akauliza tunangoja nini. Babu akamjibu kwa heshima zake zote kwamba tunangoja kunguru. Mlinzi akatutazama mmoja mmoja, akasema basi dakika kumi, akaondoka huku akigeuka nyuma.

Babu alikuwa ameshusha darubini kifuani. Uso wake ulikuwa umeanza kurudi ule wa wakati wa chakula. Mama akaona. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alielewa kwamba haukuwa mchezo. Akamshika mkono, akamwambia kwa sauti ndogo, Baba, si lazima iwe leo. Babu akasema kesho ni Jumapili.

Ndipo kitu cheusi kikadondoka kutoka kwenye ule mti mkubwa. Hakikuangalia mkate. Hakikuangalia mayai. Kilikwenda moja kwa moja begani kwa Mama, kikanyakua kipande kirefu cha satini, na Mama akatoa sauti ambayo sikujua anayo. Kunguru akapita mbele yetu chini chini, ubavu ukimwelekea Babu, satini imemfunika kifua na tumbo lote, kichwa kimetokeza juu yake. Jua lilikuwa limelala. Mwili wa manjano kama kiini cha yai, kichwa cheusi tii. Akapanda, akaingia ndani ya mti, na pale kwenye panda ya matawi, sasa kwa kuwa tulijua pa kutazama, tukaona kiota chake, fujo la vijiti, kimetandikwa mabaki yote ya kwaya tangu Jumatano.

Dada Nesi alinitazama mimi, mimi nikatazama viatu vyangu vya raba. Babu alikuwa bado ameielekeza darubini mtini. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamkimbilia. Kumbe anacheka, kicheko cha ndani kabisa, mpaka akalazimika kuketi.

"Alikuwa na haraka," alisema alipopata pumzi. "Niliwaambia alikuwa na haraka. Mwizi ataimbaje?"

Mama alisimama mikono kiunoni akimwangalia kunguru juu, akimwambia kwamba yeye kumbe ndiye, siku nne amemshuku mwanawe wa kumzaa. Nilimkumbusha kwamba mwanawe wa kumzaa yupo hapa, anasikia. Akajifanya hakusikia.

"Mchumba," Babu aliniita. Lile neno lilinishuka mgongoni kama maji ya moto siku ya baridi. "Andika."

Niliandika. Tarehe, saa kumi na moja na dakika hamsini na tatu, kunguru, namba mia. Babu akatia sahihi yake, ndogo, imenyooka, kama imechongwa. Kwa sahihi ya pili nilikuwa na haki, na Dada Nesi alikuwa macho kwa mara ya kwanza katika historia, lakini Babu akaitoa kalamu mkononi mwangu akampa Mama. Mama akasema yeye si mwanachama. Babu akamwambia ameibiwa, basi ameshaingia. Akatia ile sahihi yake ya risiti za ushonaji, herufi moja na mkia mrefu, iliyovuka mstari na kuingia kwenye maelezo. Nikaipisha. Pembeni yake nikaandika: "Kaiba satini. Mashahidi wanne." Mlinzi alitufungia geti mgongoni, na ngazi hamsini na mbili Babu alizipanda bila kupumzika ghorofa ya pili.

Ungedhani yameisha. Jumapili asubuhi gari la Mjomba lilikuwa limeegeshwa mbele ya jengo, buti wazi. Babu alikaa kiti cha mbele, daftari mapajani, maana tulikubaliana aende nalo na mimi nianze jipya. Darubini ilikuwa shingoni, si chini ya soksi. Dada Nesi alikuwa amesimama na mswaki mdomoni. Na Mama, ambaye usiku kucha alikuwa amefikiri, alinishika kiwiko akanisogeza hadi dirishani mwa gari. Alisema sawa, kuhusu ndege nilikuwa na haki, hakuna anayebisha. Lakini haki ni jambo moja, na kumkatalia babu yako mbele ya watu ni jambo jingine, na mtoto aliyelelewa hamwachi mzee aondoke bila kumuomba radhi. Mjomba akazima injini, angoje. Majirani wawili wakachungulia kutoka ghorofa ya kwanza.

Babu akashusha kioo chote. Akaweka mkono sikioni, kama mtu anayejiandaa kusikiliza vizuri, na ndani ya yale macho yenye ukungu niliona kitu kinacheza.

"Ehe, mchumba?"

Nikamwambia nitampigia simu kila Jumamosi saa moja asubuhi. Nikamwambia akimaliza kutibiwa macho arudi, kurumbiza bado tunamdai. Nikamwambia nampenda kuliko wajukuu wake wote wengine wanavyompenda wakiwekwa pamoja. Nikamfunga mkanda, nikamrekebishia kola.

"Lakini radhi siombi, Babu," nikamwambia. "Sikumuona."